Tovuti za Kutafuta Nafasi za Uzamifu Zenye Ufadhili: Tathmini kwa Mwanafunzi wa Nadharia, kutoka Kisumu

Vyuo vikuu vya ukanda huu wa ziwa na jirani zake, kuanzia Maseno hadi Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo na Masinde Muliro pale Kakamega, huwapata wahitimu wa uzamili ambao tasnifu zao ni za nadharia tupu: nadharia ya opereta, nadharia ya makundi, nadharia ya grafu, fizikia ya nadharia. Wengi wanaonijia wanataka kuendelea hadi uzamifu, na swali lao la kwanza huwa ni la pesa: nani atalipa karo, na nani atamlisha mtu kwa miaka mitatu, minne au mitano ya utafiti? Katika tathmini hii ninazipima huduma za mtandaoni ambazo wahitimu ninaowaongoza hapa Kisumu wamekuwa wakizitumia kutafuta nafasi hizo. Kigezo changu ni kimoja. Je, mtu anayefanya kazi kwa kalamu na karatasi, asiye na maabara wala data ya nyanjani, anaweza kupata humo nafasi ambayo kweli inalipiwa, na ambayo Mkenya anaruhusiwa kuiomba?

Ninakishikilia kigezo hicho kwa sababu orodha nyingi za ufadhili zinazosambazwa katika makundi yetu ya WhatsApp hazikuandikwa kwa ajili ya watu wa nadharia. Zinahusu kilimo, afya ya umma, mabadiliko ya tabianchi na uhandisi. Mfuko wa RSIF, kwa mfano, ambao umewasomesha Waafrika wengi, uliundwa kwa ajili ya sayansi tumizi, uhandisi na teknolojia, na mtu anayetaka kuthibitisha nadharia kuhusu makundi yasiyo na kikomo hana analotafuta humo. Pesa za nadharia hupita katika njia tatu: ruzuku aliyopewa profesa mmoja kwa ajili ya mradi wake, bajeti ya ufundishaji ya idara, na fedha za taasisi chache zilizoanzishwa makusudi kwa ajili ya sayansi za msingi. Kila tovuti nitakayoitaja huiona njia moja vizuri na kuzikosa nyingine, na asiyelijua hilo huhitimisha upesi kwamba nafasi hazipo.

Nianze na EURAXESS, tovuti ya Tume ya Ulaya, kwa kuwa ndiyo ninayowaelekeza wahitimu kwanza. Kuitumia ni bure. Watafiti hugawanywa humo katika ngazi nne zinazoandikwa R1 hadi R4, na R1 ni yule ambaye bado hajapata uzamifu. Ukichagua R1, kisha ukachagua hisabati au fizikia kuwa uwanja wako, orodha hupungua hadi kiasi ambacho mtu anaweza kukisoma jioni moja. Kinachonivutia zaidi ni namna tangazo lenyewe lilivyopangwa. Kabla hata ya maelezo ya mradi, utaona aina ya mkataba, saa za kazi kwa wiki, tarehe ya kuanza, makataa, na mstari unaoeleza kama nafasi hiyo inalipwa kutoka katika mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya. Huo mstari wa mwisho ndio wa kusomwa kwanza. Ukikuta umetajwa mpango wa Marie Skłodowska-Curie au Baraza la Utafiti la Ulaya, ujue kwamba fedha zimekwisha kutengwa na kinachotafutwa ni mtu wa kuzitumia.

Mitandao ya uzamifu ya Marie Skłodowska-Curie inastahili maelezo zaidi, maana wengi huiruka wakidhani ni ya Wazungu. Haiangalii uraia. Masharti yake makuu ni kwamba mwombaji asiwe tayari na shahada ya uzamifu, na asiwe ameishi au kufanya kazi katika nchi atakayoajiriwa kwa zaidi ya miezi 12 katika miezi 36 iliyotangulia. Mhitimu ambaye hajawahi kutoka nje ya Kenya hulitimiza sharti hilo la pili bila jitihada yoyote, hali ya kuwa mwombaji aliyetoka tu kusoma uzamili wa miaka miwili katika nchi hiyo hiyo hufungiwa mlango. Ni nadra kuona kanuni ya ufadhili inayompendelea mtu wa Siaya au Vihiga kuliko aliyetangulia kufika, na ninasikitika kila ninapokutana na kijana mwenye alama nzuri ambaye hajawahi kuisikia.

Udhaifu wa EURAXESS kwa mtu wa nadharia unatokana na upana wake. Neno «nadharia» katika kisanduku cha kutafutia huleta nafasi za kemia ya kompyuta, za mifumo ya uchumi na za ujifunzaji wa mashine, kwa kuwa kila tangazo hutaja nadharia mahali fulani. Afadhali uandike jina la tawi lako hasa, kama vile aljebra, topolojia au mantiki, kwa Kiingereza kama lilivyozoeleka, kisha ujaribu na majina ya matawi jirani. Angalia pia saa. Makataa yakiandikwa kuwa ni dakika moja kabla ya usiku wa manane kwa saa za Brussels wakati wa baridi, hapa kwetu ni saa saba na dakika 59 usiku wa kuamkia siku inayofuata. Miezi ya kiangazi tofauti hupungua ikawa ya saa moja tu.

FindAPhD, ya Uingereza, ni rahisi zaidi kutumia na ina matangazo mengi, lakini inamtaka msomaji awe makini. Vyuo ndivyo vinavyotoa matangazo humo, na miradi yenye ufadhili hukaa bega kwa bega na miradi ambayo mwanafunzi anatakiwa kujilipia mwenyewe. Kichujio cha ufadhili kipo, na mtu asiyekitumia atapoteza bando lake bure. Hata baada ya kuchuja, soma aya ya ufadhili neno kwa neno. Kuna nafasi ambazo ufadhili wake ni wa wakazi wa Uingereza pekee. Kuna ambazo hushindaniwa na wanafunzi wa miradi mingi, kwa hiyo kukubaliwa na msimamizi hakumaanishi kwamba pesa zimepatikana. Na kuna ambazo hulipa karo ya kiwango cha mwenyeji tu, na kumwachia mgeni pengo ambalo huweza kuzidi mshahara wa mwaka wa mwalimu wa sekondari hapa Kenya.

Upande wa fedha za serikali ya Uingereza, hali ilibadilika mwaka 2021. Tangu hapo, nafasi zinazofadhiliwa na UKRI, shirika la serikali hiyo linalogawa fedha za utafiti, zinaweza kupewa wanafunzi wa kimataifa, kwa kikomo cha asilimia 30 ya kila kundi la wanafunzi wapya, na chuo hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi huyo tofauti ya karo. Posho ya kujikimu ya UKRI kwa mwaka wa masomo wa 2025/26 ni pauni 20,780 kama kiwango cha chini. Ni mlango mwembamba, lakini uko wazi, na idara za hisabati huwa na kiasi fulani cha nafasi hizo ambazo hazifungwi kwenye mradi mmoja bali hugawiwa mwombaji bora wa idara nzima. Nafasi za aina hiyo hazitangazwi kwa jina la mradi, kwa hiyo anayesubiri tangazo lenye jina la mada yake hataziona. Inabidi aende kwenye ukurasa wa idara yenyewe.

Katika nchi ndogo za kaskazini mwa Ulaya kazi ni nyepesi kuliko hivyo. AcademicTransfer ya Uholanzi na Jobbnorge ya Norwe huorodhesha nafasi za uzamifu kama ajira, na kwa kweli ni ajira. Uholanzi mkataba wa kawaida ni wa miaka minne, na mshahara wa mwaka wa kwanza ni takriban euro 3,000 kwa mwezi kabla ya kodi. Norwe mkataba ni wa miaka mitatu, au minne iwapo robo ya muda itatumika kufundisha. Sweden nayo haimtozi karo mwanafunzi yeyote wa uzamifu, awe ametoka wapi. Nafasi za nadharia tupu katika tovuti hizi ni chache kwa wakati wowote, ila zikitokea, hakuna fumbo la kufumbua: mshahara umeandikwa, muda umeandikwa, na raia wa Kenya anaomba kwa masharti yale yale anayopewa Mholanzi. Ninazipa alama za juu kabisa kwa uwazi.

Marekani ni habari nyingine, na hapa ndipo wahitimu wetu wanapopotea zaidi. Wengi hufungua MathJobs, ambayo huendeshwa kwa ushirikiano na Jumuiya ya Wanahisabati ya Marekani, wakatafuta nafasi ya uzamifu, wakakuta orodha ndefu ya kazi zinazomtaka mtu ambaye tayari ana uzamifu. Tovuti haina kosa. Ilijengwa kwa ajili ya hao. Mwanafunzi wa Marekani hajazi nafasi iliyotangazwa, bali hudahiliwa na idara, na katika hisabati ya nadharia idara hulipa kwa njia ya ufundishaji. Maelfu ya wanafunzi wa uhandisi, biashara na tiba lazima wasome kalkulasi, na wanaosahihisha kazi zao na kuwaongoza katika vipindi vya mazoezi ni wanafunzi wa uzamifu, ambao kwa malipo yake husamehewa karo na kupewa posho kwa takriban miaka mitano. Ndiyo maana idara yenye maprofesa wasio na ruzuku kubwa inaweza bado kuwalipia wanafunzi wa aljebra. Vyuo vingi humpokea hata mwenye shahada ya kwanza pekee, kwa hiyo si lazima kuwa na uzamili. Ada ya maombi ndiyo kikwazo, na kuomba vyuo kadhaa ni mzigo mzito kwa mtu asiye na kazi. Hata hivyo, vyuo vingi huisamehe kwa mwombaji anayeandika mapema kueleza hali yake. Makataa mengi huangukia Desemba na Januari, kwa hiyo barua za mapendekezo zinapaswa kuombwa Septemba, kabla wahadhiri wetu hawajazama katika kusahihisha mitihani.

Sasa nifikie huduma ambayo kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote kwa mtu wa nadharia, ingawa haikuundwa kwa kazi hiyo. Ni arXiv, hifadhi ya makala za utafiti aliyoianzisha Paul Ginsparg mwaka 1991 kule Los Alamos, na ambayo ilihamia Chuo Kikuu cha Cornell mwaka 2001. Kusoma ni bure na hakuna haja ya kujisajili. Kurasa zake ni maandishi matupu, hivyo hufunguka hata kwenye simu ya bei nafuu na mtandao unaosuasua. Kila siku ya kazi makala mpya huingia, zikiwa zimepangwa kwa matawi: math.GR ni nadharia ya makundi, math.CO ni hisabati ya mpangilio pamoja na grafu, cs.CC ni ugumu wa ukokotoaji, hep-th ni fizikia ya nadharia ya nishati kubwa.

Namna ya kuitumia ni hii. Chukua mada ya tasnifu yako ya uzamili, utafute makala za miaka miwili iliyopita zinazoigusa, na kabla ya kusoma nadharia yenyewe, fungua ukurasa wa kwanza au wa mwisho palipo na shukrani. Hapo mwandishi hulazimika kumtaja anayemlipa. Ukikuta imeandikwa kwamba kazi hiyo imefadhiliwa na Baraza la Utafiti la Ulaya, pamoja na namba ya ruzuku, nakili namba hiyo uitafute katika CORDIS, hifadhidata ya wazi ya miradi ya Umoja wa Ulaya. CORDIS itakuonyesha mradi ulianza lini, utaisha lini, fedha ni kiasi gani na ziko katika chuo kipi. Ruzuku ya Baraza hilo kwa mtafiti anayeanza hufikia euro milioni 1.5 kwa miaka mitano, na kwa mtafiti mkongwe hufikia milioni 2.5. Mtu wa nadharia hanunui mashine kwa pesa hizo. Sehemu kubwa huenda kwenye mishahara ya wanafunzi wa uzamifu na watafiti vijana. Kama mradi uko katika mwaka wake wa kwanza, profesa huyo yumkini anatafuta watu, awe ametangaza au hajatangaza. Kama umebakiza mwaka mmoja, usimwandikie kuhusu nafasi, maana hata akitaka kukuchukua hataweza kukulipa hadi mwisho.

Kuna njia ya mkato. Baraza hilo huchapisha orodha ya washindi wa kila awamu, likitaja jina la mtafiti, chuo na kichwa cha mradi, chini ya kamati zenye alama. PE1 ni hisabati, PE2 ni viini vya msingi vya maada, PE6 ni sayansi ya tarakilishi. Mhitimu anayeipitia orodha ya PE1 siku inapotoka huwa mbele ya tangazo lolote kwa miezi kadhaa, kwa sababu washindi hao ndio watakaotangaza nafasi baadaye. Kwa Ujerumani, hifadhidata ya GEPRIS ya shirika la utafiti la DFG hufanya kazi hiyo hiyo, na inaonyesha pia shule za utafiti ambamo wanafunzi wa uzamifu hulipwa wakiwa kundi zima.

Ukishampata mtu, pima kama ni msimamizi mwema kabla ya kumwandikia. Mradi wa Nasaba ya Wanahisabati, unaotunzwa katika Chuo Kikuu cha Jimbo la North Dakota, utakuonyesha wanafunzi wake wa zamani na mwaka waliomaliza. Barua pepe yenyewe iwe fupi: sentensi moja kueleza wewe ni nani, mbili kuhusu matokeo ya tasnifu yako, na swali la kweli kuhusu makala yake uliyoisoma. Nimeziona barua za wahitimu zinazoanza kwa aya nzima ya salamu na sifa, halafu mada haitajwi popote. Adabu yetu ya kumwamkia mkubwa ni njema, na hapa hutimizwa kwa kuonyesha kwamba umeisoma kazi yake kwa bidii.

Lazima niseme pia kuhusu huduma za kulipia. Mjini kwetu wapo washauri wa masomo ya ng'ambo wanaotoza ada kwa ahadi ya «kukutafutia ufadhili». Mhitimu mmoja aliniletea orodha iliyochapishwa vizuri na kutiwa jalada la plastiki, aliyoinunua kwa pesa alizotumiwa na mjomba wake. Kila nafasi iliyokuwamo ilikuwa imenakiliwa kutoka katika tovuti za bure nilizozitaja, na nyingi zilikuwa zile za Uingereza zilizotengewa wakazi wa huko. Makataa ya kadhaa yalikuwa yamekwisha kupita. Kilichoniudhi zaidi ni kwamba aliyeiandaa alikuwa ameondoa aya ya masharti, mahali pekee ambapo kijana huyo angeweza kuujua ukweli. Nafasi halali ya uzamifu haimtozi mtu chochote ili afikiriwe, isipokuwa ada ya maombi inayolipwa moja kwa moja kwa chuo, na ada hiyo haipiti mikononi mwa wakala.

Zipo pia taasisi ambazo hazihitaji tovuti ya kutafutia, maana ukizijua kwa majina unaomba kwazo mwenyewe. Kituo cha Kimataifa cha Fizikia ya Nadharia (ICTP) cha Trieste, Italia, alichokianzisha Abdus Salam mwaka 1964, kina stashahada ya mwaka mmoja kwa wahitimu wa nchi zinazoendelea, inayolipiwa yote, katika hisabati, fizikia ya nishati kubwa na nyanja nyingine chache. Si uzamifu, ila ni daraja imara la kuuendea, hasa kwa mtu ambaye chuo chake hakikuwa na mhadhiri wa tawi analolitaka. AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, iliyoanza Muizenberg karibu na Cape Town mwaka 2003 na ambayo sasa ina vituo pia Senegali, Ghana, Kameruni na Rwanda, hutoa uzamili wenye ufadhili. Karibu zaidi nasi ni taasisi ya ICTP ya Afrika Mashariki iliyoko Kigali, ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda, ambayo tangu 2018 imekuwa ikifundisha fizikia hadi ngazi ya uzamifu. Kutoka Kisumu mtu anaweza kufika kwa basi kupitia Busia na Kampala.

Na kwa yule ambaye hawezi kuondoka, kwa sababu ya familia au ya kazi ya kufundisha aliyo nayo, ICTP kwa ushirikiano na Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki ina mpango wa STEP, ambao humruhusu mwanafunzi abaki amesajiliwa katika chuo cha nyumbani, kisha aende Trieste kwa miezi mitatu hadi sita kwa mwaka, kwa miaka mitatu. Wanawake wana OWSD, shirika la wanasayansi wanawake wa nchi zinazoendelea, ambalo limekuwa likifadhili uzamifu katika vyuo vya nchi zinazoendelea. Umoja wa Kimataifa wa Wanahisabati nao una ufadhili uitwao Breakout, unaolipwa na wanahisabati walioshinda Tuzo ya Breakthrough na kuamua kuchangia sehemu ya pesa zao, kwa ajili ya mwanafunzi anayefanya uzamifu wa hisabati katika nchi inayoendelea. Huo hauombwi na mwanafunzi mwenyewe. Ni lazima mwanahisabati ampendekeze. Kwa hiyo mhadhiri wa Maseno, Egerton au Kibabii mwenye mwanafunzi hodari wa uzamifu anayekwama kwa karo anaweza kuketi wiki hii na kuiandika barua hiyo.